Sauti ya Mashineni

Mwenye mashine ya kusaga alikuwa na sauti iliyosikika hadi nyumba ya tatu. Haikuwa sauti ya hasira. Mtu akishinda kutwa karibu na mota inayonguruma, huku wateja wakigombania zamu, koo huzoea. Wateja walimwita Spika, naye jina hilo alilipenda.

Taabu ni kwamba jioni alifunga mashine, sauti hakuifunga. Mkewe alikwisha kuzoea. Lakini mwaka huo kijana wao alioa, akamleta nyumbani binti mpole, mwenye maneno machache. Mzee akiuliza kutoka sebuleni, "Nani amefunga dirisha hili?" kikombe kilianguka jikoni.

Jumapili moja kijana alimngoja baba yake amalize kunawa.

"Baba, tumepata chumba. Mwisho wa mwezi tunahama."

"Kwani hapa pamewabana?"

"Mwenzangu anakuogopa. Anaamini humtaki."

Mzee alikaa kitako. Hamtaki? Yeye aliyewatangazia wateja wote kwamba amepata mkamwana wa kujivunia! Kisha akakumbuka kwamba aliwatangazia wateja. Binti mwenyewe hakuwahi kumwambia.

Kesho yake aliamua kunong'ona. Alisimama mlangoni mwa jikoni, ameuziba wote kwa mabega yake, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, maji ya kunywa yako wapi?"

Binti alishtuka, akapenya chini ya mkono wake, mbio hadi kwa mama mkwe. "Mama, baba ana nini? Kuna msiba?"

Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe mwanamume! Umeacha kunguruma, sasa unanyata kama mwizi wa kuku?"

"Basi nifanyeje? Niwe bubu?"

"Kule mashineni, na kelele zote zile, mteja unamwambiaje kwamba unga wake uko tayari?"

"Namsogelea. Namtazama usoni mpaka nione amenielewa."

"Na hapa unamtazama nani? Unaongea na kuta."

Hilo lilimwingia. Kazini hakuwahi kumpa mteja mgongo. Nyumbani maneno aliyarusha kutoka chumba hadi chumba, kama mtu anayetupa viatu.

Jioni alikwenda jikoni, akavuta kigoda, akaketi. Binti alikuwa akichambua mchele.

"Mwanangu, nimeambiwa ninakutisha. Nataka kusikia kutoka kwako."

Binti aliendelea kuchambua. Mzee aliuma ulimi. Kungoja kule kulimtoa jasho kuliko kubeba magunia.

"Baba, ukiuliza nani amefunga dirisha," alisema hatimaye, macho kwenye mchele, "mimi nasikia: nani amemleta huyu hapa."

Mbona ni dirisha tu! Maneno hayo yalimfika mdomoni, akayameza. "Ningeulizaje?"

"Ungekuja tu. Kama hivi." Akasita. "Na nililifunga kwa sababu ya vumbi, baba. Nguo zako za kazi zikikung'utwa pale nje, unga wote unaingia ndani."

"Kumbe ni mimi! Na vumbi hilo siku zote nailaumu barabara!"

Binti alitabasamu, kwa mara ya kwanza mbele yake.

"Mimi nakutaka hapa," mzee akasema. "Wateja wote wanalijua hilo. Nilikusahau wewe tu."

Hakubadilika kwa siku moja. Aliropoka tena na tena kutoka sebuleni. Ila kila alipoisikia sauti yake mwenyewe, aliinuka, akaenda alipo mtu, akauliza upya. Kijana alitazama, hakusema kitu kuhusu chumba, na mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia.

Siku moja foleni ilikuwa ndefu mashineni. Mzee aliinua macho akamwona binti amesimama mbele yake, hana gunia wala ndoo, midomo inacheza. Hakusikia hata neno. Akazima mota.

"Spika, vipi tena?" mteja mmoja alilalamika. "Watoto wangu wana njaa!"

"Subiri kidogo, mama. Naongea na mwanangu."

"Nimetaka nikwambie mwenyewe, baba," binti alisema. "Hatuhami. Ila nikikosea, niambie mimi, usimwambie mume wangu."

"Nimekubali. Una lingine?"

"Ninayo mengi."

Mzee alikung'uta gunia tupu, akamtandikia akae.