Mungu Ana Mwili

Tangu duara, shimo la dhahabu, lilipotitia kule Buhemba na kuwafukia wachimbaji, Matiko akiwa mmoja wao, mama yake aligoma kuingia ndani. Boke alitandika mkeka uani kwake, hapo Butiama, akageukia njia, akasema hali wala haogi mpaka mwili uletwe. Na mwili haukuwa wa kuletwa, jamani. Wenzake Matiko walichimba mpaka udongo ukaanza kuwamezea mate na wao, wakubwa wakasema basi, shimo likafukiwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wengine ni wa kula wali wa msiba na kusema pole.

Binti yake Stellah, aliyefunga kibanda chake cha mitumba Musoma akaja kukaa naye, alimwona anavyokwisha. Shingo ilibaki mishipa. Uji aliukataa, maji aliyaonja kwa kulazimishwa. Baba mdogo Mniko, aliyetoka Mugeta kuja kusimamia msiba, alitaka wafanye kama ukoo wao ulivyofanya siku zote mtu asipopatikana: wakate shina la mgomba, walilaze kwenye jeneza, wazike, watu watawanyike.

"Nizike mgomba?" Boke alimjibu. "Mniko, mimi nilizaaga ndizi?"

Hakuna aliyecheka. Stellah alijua mama akiendelea hivyo, watachimba kaburi la mtu kweli.

Sasa, Stellah alikuwa amebatizwa mwaka huo na Wamormoni wa Musoma, jambo ambalo ukoo ulikuwa haujalimeza. Tangu utotoni aliambiwa Mungu ni roho, hashikiki, naye kila akipiga magoti alijiona anaongea na ukuta. Hawa wakamwambia Baba wa Mbinguni ni baba kweli kweli, ana uso, ana mikono, na sisi ni watoto wake tuliofanana naye. Siku ile alilia mpaka akaona aibu. Akawaza, neno lililomponya yeye labda litamponya na mama. Akampigia simu Baltazari, kiongozi wao.

Baltazari alifika na bodaboda kutoka Kiabakari, shati jeupe na tai, na jua lile!

"Huyu ndiye rais wetu wa tawi," Stellah akamtambulisha.

"Tawi la chama gani?" Mniko akauliza, wanaume wakaangua kicheko.

Baltazari akacheka nao. Hakuwa mtu wa makuu. Akaenda kukaa chini kabisa kando ya mkeka, tai ikagusa vumbi, akaongea taratibu.

"Mama, wengi watakwambia Mungu ni roho tu, kama hewa. Sisi hatuamini hivyo. Mungu ana mwili."

Boke akanyanyua kichwa. "Unasema?"

"Mungu ana mwili, mama. Wa nyama na mifupa. Mzima, hauwezi kuoza."

"Anao?"

"Anao, mama. Nashuhudia."

Boke akaomba maji ya kuoga. Mwanamke mmoja alijisahau akapiga kigelegele, ikabidi anyamazishwe. Boke akaoga, akanywa uji kikombe kizima, akaingia ndani akalala kitandani. Mgeni njoo mwenyeji apone. Hata Mniko alikiri, akamsindikiza yule rais hadi barabarani huku akimuuliza mambo ya hilo tawi lake. Stellah moyo wake uliruka. Aliona Mungu wake ameingia nyumbani kwao kwa mlango wa mbele.

Asubuhi akamkuta mama anapiga pasi. Pasi ya mkaa, suruali ya Matiko ya Krismasi. Shati la bluu lilikuwa tayari limekunjwa, na kando yake karai, sabuni mpya na shuka jeupe.

"Mama, nguo za nini hizo?"

"Za kumvalisha. Ndugu zako wa Musoma wanamleta saa ngapi?"

"Wanamleta nani?"

"Wewe naye! Si yule bwana alisema Mungu ana mwili? Mzima, hauozi. Si nilimuuliza tena, akasema anao?"

Hapo Stellah akaelewa mama alisikia nini jana. Angeweza kusema "kesho." Neno hilo lingempatia mama uji wa leo. Lakini kesho nayo ina kesho yake, na kila siku mama angezikunjua zile nguo na kuzipiga pasi upya. 

"Mama, hakusema mwili wa Matiko. Alisema Mungu ana mwili wake mwenyewe. Kama sisi tulivyo na miili."

Mkono wa Boke ukasimama juu ya suruali. Harufu ya kitambaa kuungua ikapanda, Stellah akaiondoa pasi.

"Wake?"

"Wake, mama. Na siku ya ufufuo Matiko naye..."

"Nyamaza kwanza. Ana mikono?"

"Anayo."

"Na macho?"

"Anayo, mama. Na sisi tukilia naye analia, tunaamini hivyo."

Boke alitikisa kichwa polepole. "Bora angekuwa hewa," akasema. "Hewa ningeisamehe. Hewa haina mikono ya kufukua." Akaikunja suruali, alama ya pasi ikiwa kwa juu. "Mwite baba yako mdogo. Wakate mgomba."

Alilivalisha lile shina yeye mwenyewe. Alifunga vifungo vyote vya shati mpaka cha shingoni, akanyoosha kola, na wanawake waliokuwa wakilia wakaacha kulia. Kaburini Mniko, kwa heshima ya mambo ya jana, akamwambia Stellah aombe. Akafumba macho.

"Baba wa Mbinguni, tunakuomba uje, uwe pamoja nasi..."

"Usimsumbue," Boke akasema, wala hakupandisha sauti. "Miguu anayo. Angetaka kuja msibani angekuja."

 Mniko akakohoa, akatoa ishara, majembe yakaanza kazi. Stellah alibaki amefumba macho, sala haijafika amina. Alisikia udongo ukiangukia jeneza, na kwa mara ya kwanza tangu abatizwe alimwona Baba yake waziwazi kabisa: amekaa mahali, ana mikono yake miwili, na hajaja.