Mayai ya Kulainisha Sauti

Mayai ya Papa Straton, mzee mfugaji wa kuku, yaliwaharisha waimbaji tisa wa kwaya ya kanisa lao, huko Masisi, Kongo. Waliyameza mabichi ili kulainisha sauti. Tangu siku hiyo hakuna aliyetaka kununua mayai yake.

Gaëlle, mganga wa mifugo, alimkuta akiyaosha yote katika ndoo moja ya maji baridi ili yang'ae.

"Papa, ganda ya yai iko na matundu," alisema. "Maji haya machafu yanaingia ndani. Unayanywesha mavi ya kuku."

Straton alitaka kubisha, akaitazama ndoo, akamwaga maji na kuacha kuosha mayai. Akabadilisha majani ya viota, akaziba mashimo ya panya, akaanza kuokota mayai mara mbili kwa siku, machafu akiyatenga.

Jumapili ya tatu alileta kanisani sufuria ya mayai yaliyochemshwa mpaka viini vikakauka.

"Papa, leo unataka tuimbe ao tukimbie?" aliuliza Mama Byukusenge, kiongozi wa kwaya. Watu wakaangua kicheko. Mama huyo akala mawili, akaimba mpaka mwisho wa ibada, na wanawake wakamzunguka Straton wakiagiza mayai.

Kosa lile la ndoo lilimgharimu mayai mia mbili na kumi yaliyokwisha kuoshwa, aliyoyafukia shimoni, na wiki tatu bila kuuza hata moja.