Mpaka Pale Farasi Aliposimama

Siku ya mtihani wa darasa la saba kijiji chetu hunyamaza kabla ya saa nne asubuhi. Karakana ya kushona huzima cherehani. Dukani redio huteremshwa kutoka rafuni na kuwekwa juu ya kaunta. Hata wanaofyeka majani mteremkoni husimamisha kazi wakamzunguka mwenye simu. Sehemu ya mwisho ya mtihani wa lugha haichapwi kwenye karatasi. Redio ya taifa husoma hadithi fupi mara mbili, kwa wakati mmoja nchi nzima, na watoto, kila mmoja na dawati lake, husikiliza kisha huisimulia upya kwa maandishi. Kwa hiyo mzazi aliye nyumbani husikia kile kile anachosikia mwanawe. Jioni watu huulizana barabarani: wako aliikumbuka ile kofia?

Mtihani huo, pamoja na ule wa hesabu unaofuata, ndio unaoamua mtoto ataingia sekondari gani. Anayepata alama huenda mjini Smolyan, akakaa bwenini. Asiyepata hubaki hapa, na hapa kuna viazi, tumbaku na cherehani.

Nazmie, mke wa kaka yangu Raif, aliwekwa kwenye cherehani akiwa msichana, na hakuiacha mpaka alipougua. Binti yake wa pekee, Sibel, ndiye Nazmie aliyemwombea kwa Mungu usiku na mchana. Hakuomba apone yeye. Nilimsikia mara nyingi, maana tuliishi nyumba moja, akisema, "Ee Mola, mtoto aende Smolyan." Basi, hiyo ndiyo ilikuwa dua yake yote.

Majira yote ya baridi walifanya mazoezi jikoni, karibu na jiko la kuni. Nazmie alisoma hadithi mara mbili, na Sibel akaisimulia. Nazmie alimfundisha kukunja vidole. Kila jambo kubwa linalotokea, kidole kimoja. "Hadithi ni mkono," alisema. "Mambo makubwa ni vidole. Vitu vidogo ni pete." Sibel vidole alivijua. Pete ndizo zilizomshinda.

"Umemwacha mbuzi," Nazmie alimwambia siku moja.

"Mbuzi gani, mama?"

"Aliyefungwa mlangoni pa kinu cha kusagia unga. Maskini, tangu mwanzo wa hadithi hajala kitu. Kamfungue."

Tulicheka mpaka mama yangu, Bibi Fatme, akatugombeza kwamba tunamwamsha paka.

Masika ilipofika Nazmie hakuwa tena na pumzi ya kusoma ukurasa mzima. Madaktari wa mjini Plovdiv walimrudisha nyumbani, na sote tulijua maana yake. Nikawa nasoma mimi, yeye akisikiliza amefumba macho. Mkono wake ulikuwa juu ya blanketi, ukikunja kidole kimoja baada ya kingine.

Juni ilipoingia alikuwa hali kitu. Siku mbili kabla ya mtihani tulimpigia simu Raif, anayejenga nyumba za watu huko Ujerumani. Akasema anapanda basi la kwanza.

Jumatano ya mtihani, baada ya swala ya alfajiri, nilimsomea Yasini, na akatamka shahada pamoja nami, polepole, neno kwa neno. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga. Sibel aliingia amevaa shati jeupe, kalamu mbili mkononi, na chupa ya maji iliyobanduliwa karatasi yake, kwa sababu wasimamizi hawataki maandishi yoyote juu ya dawati.

"Mama, nibaki?"

"Ukibaki nitainuka nikuchape. Na unajua sina nguvu, utaniaibisha mbele ya shangazi yako."

Sibel alicheka huku machozi yakimtoka. Nazmie akamvuta karibu.

"Saa nne nitafungua redio. Tutasikiliza pamoja. Wewe kule, mimi hapa. Sawa?"

"Sawa, mama."

"Na pete usiziache."

Mtoto alipotoka, Nazmie alinigeukia. "Rukie. Lolote litakalotokea, asiitwe. Mpaka atoe karatasi."

"Inshallah, wifi yangu."

"Usinipe inshallah ya kukwepa. Sema nitafanya."

Nikasema nitafanya.

Ilipokaribia saa nne nilifungua redio. Bibi Fatme alikuwa kitini na tasbihi yake. Akakunja uso.

"We Rukie! Mtu yuko katika hali hii unamfungulia redio? Msomee Qurani!"

"Nimemsomea, mama. Hili ameomba mwenyewe."

"Mgonjwa huomba mengi."

Nazmie alifumbua macho, akasema kwa sauti ndogo kama ya mtoto, "Mama, ni ya shule." Bibi Fatme alisogeza kiti karibu na kitanda, akaendelea kuhesabu tasbihi bila sauti.

Mtangazaji akasema kwamba sasa utasomwa usimulizi wa darasa la saba. Nilijua kwamba cherehani zote za karakana zimezimwa wakati ule, na kwamba wenzake Nazmie wamekaa mikono mapajani, wanasikiliza kwa niaba yake.

Hadithi ilikuwa hii. Mzee mmoja anatoka sokoni na gari la kukokotwa, na farasi jike mzee. Nazmie akakunja kidole cha kwanza. Mzee anawaza kwamba farasi huyu amechoka, bora angemuuza leo. Kidole cha pili. Mvua inaanza, na mzee ana haraka kufika. Cha tatu. Mbele ya lango la nyumba tupu, farasi anasimama, na hata akivutwa hatamu haendi. Cha nne. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu, nilikihisi kidole kikishuka.

Msomaji aliendelea. Mzee alimpigia kelele farasi, kisha akatazama lango, akakumbuka. Nilingoja kidole gumba. Hakikukunjwa. Nilidhani amesinzia, maana siku zile alikuwa akisinzia katikati ya neno. Hadithi ilipokwisha na kimya kifupi kikaja kabla ya kusomwa mara ya pili, ndipo niliposikia kwamba chumbani tunapumua watu wawili tu.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Redio ilianza hadithi upya na hakuna aliyeifunga. Mimi nilikuwa nafumba macho ya Nazmie, na Bibi Fatme alikuwa akimfunga kidevu kwa kitambaa chake mwenyewe alichokivua kichwani. Nikasikia yote mpaka mwisho, nitake nisitake. Mama yangu aliponyoosha mkono ule na kuulaza ubavuni, nilitamani kumwambia auache.

"Nenda kamwite mtoto," Bibi Fatme alisema.

"Aliniapisha, mama. Mpaka atoe karatasi."

"Mtoto anaandika hadithi ya farasi na mama yake amekufa? Watu watasema nini? Mungu atasema nini?"

"Mungu alikuwepo akisikia nilivyoahidi."

"Basi nenda hata ukasimame pale. Asiambiwe na mtu baki njiani."

Hilo lilikuwa kweli. Nikamwita jirani akae na mama, nikateremka shuleni.

Getini alikuwa Mwalimu Dimana, anavuta sigara. Yeye ndiye aliyemfundisha Sibel lugha, na kwa sababu hiyo hiyo siku ya mtihani haruhusiwi kukanyaga darasani. Wasimamizi huletwa kutoka shule nyingine, na bahasha huletwa asubuhi na askari, zikiwa zimefungwa. Aliponiona alitupa sigara chini.

"Usiniambie, Rukie."

Alinishika bega.

"Nisikilize. Nikimwambia neno moja mwenyekiti wa kamati, Sibel atatolewa sasa hivi. Lakini akitoka karatasi inafungwa ilivyo, harudi tena. Kuna siku ya akiba, ila ni ya waliokosa mtihani mzima kwa ugonjwa. Aliyeingia akatoka, ametoka."

"Ameandika kiasi gani?"

"Nitajuaje? Hadithi imekwisha kusomwa. Sasa ndiyo wanasimulia. Huu ndio wakati wenyewe." Aliniangalia usoni. "Mimi siwezi kuamua, dada yangu. Ni mtoto wenu."

Madirisha ya darasa yalikuwa wazi kwa sababu ya joto. Niliona kichwa cha Sibel, cha pili kutoka ukutani, kimeinama. Mkono wa kushoto ulikuwa mezani, na vidole vyake vilikunjwa, vikakunjuka, vikakunjwa tena. Nilijificha nyuma ya shina la mti wa uani ili asinione. Nilimwomba Mungu anionyeshe la kufanya. Nilitaka nisikie jibu, kengele ipigwe, mtu atokee, chochote. Nyuki tu ndio waliokuwa wakivuma juu ya maua ya ule mti.

"Mwache amalize," nikamwambia Mwalimu Dimana.

Akatikisa kichwa kukubali, kisha akageukia ukuta na kulia.

Watoto walitoka wakipiga kelele, wakiulizana majibu. Sibel alitoka wa mwisho. Alitembea moja kwa moja mpaka nilipo.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Mwanangu..."

"Saa ngapi, shangazi?"

"Hadithi ilipokuwa ikisomwa."

"Nilikuona," alisema. "Nyuma ya mti. Niliona kitambaa chako. Nikajiambia, kama ni mama, shangazi angeniita. Nikaendelea kuandika."

Nilitaka kumwambia kuhusu kiapo, lakini mdomoni mwangu kilionekana kama kisingizio. Nikanyoosha mkono, hakuushika. Tulipanda kilima yeye mbele, mimi nyuma. Pale karakana wanawake walikuwa wamesimama mlangoni, nao kwa kumwona tu wakajua, wakashusha macho.

Nyumbani wanawake wa kuosha maiti walikuwa hawajafika. Sibel alipiga magoti kando ya kitanda. Hakulia kwa sauti. Akauliza, bila kunitazama:

"Alisikia mpaka wapi?"

Ningeweza kumwambia kwamba alisikia yote. Ilikuwa rahisi, na nadhani Mungu angenisamehe. Lakini nilikuwa nimekwisha kumnyima jambo moja siku ile, sikutaka kumnyima la pili. Nikainua mkono wangu, nikakunja vidole vinne, kidole gumba nikakiacha wazi.

"Mpaka pale farasi aliposimama."

Sibel aliutazama mkono wangu. "Basi hajui kwa nini alisimama."

"Hajui."

Akauchukua mkono wa mama yake kutoka ubavuni. Bibi Fatme alitaka kusema kitu, nikamgusa goti. Sibel alishika kile kidole gumba kwa vidole vyake vyote, akaanza, kwa sauti ile ile ya mazoezi ya jikoni.

"Mama. Mzee alimpigia kelele, farasi hakuenda. Akashuka ili amvute. Ndipo alipoliona lango, akakumbuka kwamba ni nyumba ya yule mwanamke aliyekuwa akiwatokea kila siku ya soko na chumvi kiganjani. Farasi alisimama kungoja chumvi. Mwanamke amekufa miaka mingi, lakini farasi hakuambiwa na mtu. Mzee akafungua kitambaa cha mkate wake. Ndani yake mlikuwa na chumvi kidogo, ya kulia yai. Akaiweka kiganjani, farasi akalamba. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya kofia yake. Halafu wakaenda. Hakumuuza."

Kisha akaongeza:

"Kitambaa kilikuwa na mistari myekundu. Nimekiandika hicho pia. Sijaacha kitu, mama."

Alikikunja kile kidole gumba taratibu, akakaa ameushika mkono ule mpaka waoshaji walipobisha mlango. Bibi Fatme ndiye aliyekwenda kufungua. Alipopita karibu na redio aliigusa juu, kama mtu anavyogusa kichwa cha mtoto, kisha akaifunika kwa kitambaa.

Raif alifika alfajiri ya Alhamisi, na vumbi la safari usoni. Tulimzika Nazmie adhuhuri. Wanaume walikwenda makaburini, sisi tulibaki nyumbani tukisoma.

Ijumaa ilikuwa mtihani wa hesabu. Bibi Fatme alisema nyumba ya msiba haitoi mtoto wake nje. Raif alitazama chini, kikombe cha chai ya majani ya mlimani kikimpoa mkononi. Sibel hakubishana na yeyote. Alivaa shati lile lile jeupe, nililolifua na kulikausha juu ya jiko, akabandua karatasi ya chupa ya maji, akavaa viatu. Nilimfuata.

Getini msimamizi alikuwa akiita majina na kukagua vitambulisho vya wanafunzi. Simu haziruhusiwi ndani, kwa hiyo Sibel alinipa yake. Kiganja chake kilikuwa baridi.

"Leo baba yuko nyumbani," alisema. "Na bibi ni mzee."

"Ndiyo, mwanangu."

"Safari hii kitu kikitokea, shangazi, uniite. Hata kama sijamaliza. Hata kama ni swali la mwisho."

"Nitakuita."

Aliniangalia kwa muda, kama anayepima, kisha jina lake likaitwa, akaingia. Mimi nilikwenda mbele ya lile dirisha, mbali na mti, nikasimama juani mahali anapoweza kuniona. Nikabaki hapo nikiomba, simu yake mkononi, mpaka alipotoka.