Valvu Iliyogeuzwa Iwatazame Wageni

Siku mnunuzi alipokuja kuonja chai yetu, niliamka kabla ya jogoo, nikafunga kitambaa cha kanisani na kuvaa raba za mjukuu wangu, maana nilijua nitacheza. Kiwanda chenyewe ni kidogo, lakini ni chetu sisi akina mama wa Merigi. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, tungekausha majani yetu wenyewe kwa mvuke wa boila yetu wenyewe!

Bwana Ogeto, mnunuzi kutoka Nairobi, alikuwa amesema anakuja mara moja tu. Akiipenda chai, anaichukua. Akikuta boila baridi, anashika barabara, na sisi tunarudi kupeleka majani kwa viwanda vya watu.

Mwenyekiti wetu ni Robert, mwanamume pekee katika kamati. Tulimchagua kwa sababu ana koti. Wiki ya mwisho alipaka mabomba yote rangi ya kijani, akasimama mlangoni akitazama kama mgeni. Fundi Kipkoech alikuwa anafunga valvu ya shaba kwenye bomba la maji.

"Kipkoech, mbona hiyo kitu inatupa mgongo? Maandishi yake mazuri yanatazama ukuta!"

"Mzee, iko na mshale unaoonyesha njia ya maji."

"Mshale ni wa kuwinda. Geuza. Kwetu mgeni haonyeshwi mgongo."

Kipkoech akageuza. Robert akaipitishia brashi, mshale ukazama ndani ya kijani.

Sasa, kazi ya valvu hiyo ni kupitisha maji kutoka pampu kwenda boila, na kukataa yasirudi. Ni kama uvumi wa Merigi: ukishatoka kwangu kwenda kwa jirani, haurudi. Boila tulikuwa tumeijaza kwa mpira wa maji kutoka juu, kwa hivyo hakuna aliyejua kitu.

Asubuhi ya mnunuzi moto ukawaka, boila ikavuma, akina mama wakaanza kuimba. Mimi nilikuwa katikati ya kuruka nikasikia, "Kogo! Kogo, kuja!"

Alikuwa Janefer, msichana wetu aliyesomea boila; Kogo, yaani nyanya, ndiyo mimi. Macho hayakutoka kwenye kile kioo chembamba kinachoonyesha maji.

"Maji yanashuka, Kogo. Pampu inanguruma lakini hakuna kinachoingia." Akashika bomba, akakwaruza rangi ya valvu kwa ufunguo. Mshale ukatokea, unatazama pampu. "Nani amefunga hii kinyume?"

"Koti ndilo limefunga," nikasema.

"Kipkoech, toa kuni zote! Maji bado yako juu ya alama, lakini yakishuka zaidi hatuwashi tena leo. Nafunga koki ya boila, halafu tunageuza. Kogo, nipe muda."

Honi ikalia getini. Bwana Ogeto!

Nilikimbia, haki ya Mungu nilikimbia. Nikamshika mkono kabla hajafunga mlango wa gari.

"Karibu, mwanangu. Lakini mgeni wa kwanza haingii kiwandani kabla ya kusalimia mashina ya chai."

Robert, aliyekuwa getini kumpokea, akanitolea macho. "Kogo, desturi hiyo imetoka wapi?"

"Kwa nyanya yako. Ulikuwa unalala."

"Hata sisi Wagikuyu tunayo," akadakia Muthoni, mwenye duka la mbolea. Mwongo mkubwa huyo, ndiyo maana nampenda.

Bwana Ogeto akainama shambani, akashika tawi. "Chamgei," akalisalimia kwa Kikalenjin, taratibu.

"Sauti kubwa zaidi! Hayo ni mashina ya wazee, hayasikii vizuri. Na wewe Robert, inama, usimwache mgeni peke yake."

Robert akainama na koti lake. Shina kwa shina walisalimia, mstari mzima, akina mama wakipiga vigelegele, nami sikio langu moja liko kiwandani. Mstari wa pili. Robert alikuwa ameshika kiuno. Jamani, Janefer!

Ndipo filimbi ya boila ikalia: fiiiii! Moshi ukapanda juu ya bati, nikatupa fimbo yangu ya kutembelea, nikaruka kama msichana.

Tulipoingia, maji yalikuwa yamesimama vizuri kwenye kioo, Janefer amejaa masizi hadi masikioni, anacheka. Tukakausha, tukapika. Bwana Ogeto akanywa kikombe, akaomba cha pili.

"Naichukua," akasema. Kelele tulizopiga! Kisha akauliza, "Na kuaga mashina je, si lazima?"

"Lazima kabisa," nikasema. Robert akafumba macho.

Siku hizi valvu yetu inawapa wageni mgongo, na hakuna aliyekasirika. Wote husalimia chai kwanza, Robert mbele. Juzi nilimsikia akiwaeleza kwamba ni desturi ya mababu zake. Nikataka kusema ukweli, nikaacha. Uvumi huo umeshapita valvu.