Kidole cha Fusae

Fusae alikuwa amepiga magoti juu ya gunia kuukuu, ubavuni mwa pikipiki ya marehemu mumewe, na spana ilikuwa ikimteleza mkononi kwa jasho. Ilikuwa alasiri ya tarehe kumi na tatu ya mwezi wa nane, Bon, sikukuu ya kuzikaribisha roho za wafu nyumbani, ya kwanza tangu Tomio afariki. Kabla giza halijaingia, lazima mtu afike makaburini Nagusa, ng'ambo ya mlima, awashe taa ya karatasi pale kaburini na kumleta marehemu nyumbani. Na Tomio, siku zile za mwisho hospitalini, alimshika binti yao mkono akamwambia, huku akicheka na kukohoa, "Mwaka wa kwanza njoo unichukue na pikipiki yangu. Basi linanichefua."

Sasa hiyo pikipiki, ilipoamshwa wiki iliyopita baada ya kulala miezi kumi, ilitoa sauti tumboni kama njugu zinazotikiswa ndani ya kopo.

"Cheni ya taimingi hiyo," alisema mzee Kurebayashi, aliyekuwa fundi wa pikipiki wa mtaa mzima mpaka macho yake yalipoingia ukungu akafunga gereji. "Imelegea. Ikiachwa hivyo itaruka meno, vali zigongane na pistoni, injini ikwame hapo hapo. Injini ikikwama, na gurudumu la nyuma limekwama. Na njia ya mlimani ya Torikoshi unaijua, kona juu ya kona, chini mto."

Tangu siku hiyo Fusae hakupata usingizi wa maana. Binti yake Chigusa alikuwa na leseni, ila spana hajawahi kuishika. Yeye Fusae naye hakuwahi kuishika, lakini miaka thelathini alimshikia mumewe tochi na kuangalia. Basi akasema nitajaribu mimi. Mzee Kurebayashi akaja kukaa juu ya kreti la bia kivulini, awe anamwelekeza kwa mdomo.

Plagi zilishatolewa. Vifuniko viwili vilishafunguliwa. Nyenje walikuwa wakipiga kelele mitini kama watu wanaogombania kitu.

"Mama Chigusa, umefia huko chini?"

"Bado, mzee."

"Basi zungusha. Kinyume cha saa. Polepole, kama unamkanda mama mkwe mgongo."

"Mama mkwe wangu hakupenda kuguswa."

"Ndiyo maana nikasema polepole." Mzee akacheka peke yake, kisha sauti ikawa nyingine. "Sikiliza. Kwenye hilo gurudumu la chuma kuna mstari. Ukae uso kwa uso na ile alama ya kwenye kasha. Ukiupitisha, usirudishe nyuma, hata unywele mmoja. Ukirudisha, ulegevu wote unahamia mbele, na kile kijiti cha springi kinachokaza cheni kule nyuma hakitakuwa na ulegevu wa kukaza. Utafunga bolti, utadhani umemaliza, kumbe umeharibu kuliko mwanzo. Ukipitisha unaanza upya, mizunguko miwili kamili. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Alivuta spana. Ndani ya injini kitu kilipumua, fyuu. Alihisi kama ametia mkono kwenye tumbo la mnyama aliyelala. Tomio aliendesha treni miaka thelathini na sita, na tabia ya kazini aliihamishia nyumbani: kila kitu akinyooshee kidole na kukitangaza kwa sauti. Gesi, sawa! Mlango, sawa! Hata sufuria ya wali ilitangazwa. Majirani walimcheka, lakini Fusae aliirithi tabia ile, na leo aliishikilia kama mtu anavyoshika ukuta gizani.

"Plagi nje, sawa! Gia huru, sawa!"

Mstari ulianza kuonekana, ukapanda, ukakaribia. Akashusha pumzi.

"Mama!" Chigusa alitokea mlangoni, helmeti kwapani, taa ya karatasi imekunjwa mkononi. "Jua linashuka. Nusu saa zaidi nitaingia mlimani gizani!"

Mkono ukashtuka. Mstari ukapita alama, kiasi cha upana wa punje ya mchele.

Fusae akautazama. Mizunguko miwili tena, na binti amesimama pale, na mzee wa watu ameacha shughuli zake siku kama hii kwa ajili yake. Akairudisha spana nyuma kidogo tu. Kidole kikainuka, lakini macho yalikuwa kwa Chigusa.

"Alama, sawa!"

"Safi," akasema mzee. "Legeza nati, halafu bolti inayokibana kijiti. Kijiti kitajisukuma chenyewe. Utakisikia: tak."

Akalegeza. Akasubiri.

"Kimelia? Mimi hawa nyenje wamenijaza masikio."

"Kimelia," akasema Fusae. Neno lilimtoka kabla hajalipima.

"Funga basi. Na usitie nguvu nyingi, bolti hiyo imeshakatikia mikononi mwa vijana wenye misuli."

Alipomaliza kurudisha vifuniko na plagi, gari la mpwa wa mzee lilikuwa linapiga honi barabarani. Nao walikuwa na wafu wao wa kuwachukua. Mzee akasimama akishikilia kiuno. "Mimi macho sina. Leo nimeona kwa mdomo wako, mama Chigusa. Umefanya kazi nzuri." Akaenda zake.

Chigusa akakanyaga kiki mara tatu, pikipiki ikawaka, na moshi wa bluu ukatanda hadi sebuleni, kwenye madhabahu, mbele ya picha ya Tomio na tango lililochomekwa miguu ya vijiti liwe farasi wa kumleta marehemu.

"Sikia! Haina neno, mama! Inalia kama zamani!"

Fusae alisikiliza. Chini ya kelele za nyenje, je, zilikuwamo zile njugu? Zilikuwamo. Au ni woga wake? Akashika tasbihi ili amwombee mtoto safari. "Namu Amida..." akaanza, na ulimi ukawa mzito. Mdomo ulikuwa ule ule uliosema sawa, uliosema kimelia. Akaiona kona ya Torikoshi, ile yenye ukingo uliopinda. Akauona mto.

Chigusa alikuwa anafunga kamba ya helmeti. Fusae akasogea, akazima ufunguo, akauchomoa na kuutia mfukoni mwa aproni.

"Mama! Unafanya nini?"

"Sikuona."

"Hukuona nini?"

"Alama. Ilipita nikairudisha. Na ule mlio sikuusikia. Nilisema tu." Akatazama barabara aliyoondokea mzee. "Nilimdanganya mzee asiyeona."

"Lakini baba anangoja!"

"Baba yako angoje, hana pa kwenda. Wewe ndiye sitaki ukakae naye."

Chigusa akaketi kwenye kreti la bia na helmeti yake kichwani, amenuna kama alipokuwa na miaka sita.

Wakangoja injini ipoe. Kisha Fusae akarudi juu ya gunia, akatoa tena plagi na vifuniko, na safari hii hofu ilikuwa mbaya zaidi, maana sasa alijua mkono wake unaweza nini. Akazungusha. Mstari ukaja, ukapita tena, unywele mmoja. Akaanza upya, akazungusha mizunguko miwili yote. Ukaja. Akasimamisha. Akainamisha kichwa mpaka pua ikakaribia kugusa chuma, akanyoosha kidole, akauangalia mstari kwa muda mrefu.

"Alama, sawa."

Alisema kwa sauti ndogo. Akalegeza nati, kisha bolti.

Tak.

Wote wawili walisikia. Chigusa akageuka taratibu akamtazama mama yake. Kumbe kijiti kilikuwa na safari yote hiyo ya kusogea.

Chigusa aliondoka jua likiwa limekaa juu ya ukingo wa mlima, na tumboni mwa pikipiki hamkuwa na njugu. Fusae alisimama getini akamnyooshea kidole mgongoni. Lile neno sawa hakulitoa. Alilishikilia.

Giza lilipoanza kuingia akawasha mabua ya katani kwenye kigae mbele ya geti, moto wa kumkaribisha mumewe, akachutama pembeni yake. Kila sauti ya gari ilimwinua. Basi lilipita. Lori likapita. Moto ukapungua, akaongeza mabua ya mwisho.

Kisha taa moja ikatokea kwenye kona, mlio ukiwa sawasawa, bila papara. Fusae akainua kidole. Akangoja hata pikipiki isimame getini, hata magurudumu yatulie, hata Chigusa ateremke na taa ya karatasi inayowaka na kusimama kwa miguu yake miwili.

"Chigusa," akasema, kidole kimemwelekea. "Sawa."