Wacha, Kasiva

Dkt. Bulle alirudi kutoka kongamano fulani Nairobi akiwa na wazo, na sisi wanafunzi wa mwaka wa mwisho ndio tuliobebeshwa. Kuanzia muhula ule, alisema, hakuna mtu atakayetetea utafiti wake wa diploma ndani ya chumba kilichofungwa. Utautetea laivu kwenye Facebook ya chuo, umma utazame, na komenti za umma zibebe alama thelathini kati ya mia.

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka kwa sababu hali yangu niliijua. Bila zile thelathini singefaulu, na nisipofaulu ningerudia mwaka mzima hapo Chuo cha Thua, huku wenzangu wakivaa majoho. Na mama alikuwa ameshatangaza kanisani kwetu Ikutha kwamba mtoto wake anahitimu. Kwaya ya kina mama ilikuwa imeshashona vitenge vya sherehe. Ukitaka kujua uoga ni nini, jaribu kufeli wakati kuna kwaya imeshashona vitenge.

Mada yenyewe alinichagulia Dkt. Bulle: nafasi ya mitandao ya kijamii katika vyuo vya elimu ya juu. Nilitumia muhula mzima nikisoma upya grupu la WhatsApp la darasa letu. Nilikuta maelezo ya masomo machache sana, picha za maua za asubuhi njema zisizo na mwisho, na jamaa mmoja anaitwa Mbithi anayeuliza mtihani ni lini wakati mtihani umeshafanywa. Lakini utafiti una adabu zake, huwezi kuandika kwamba umegundua Mbithi ni mzembe. Niliandika kwamba mitandao inaleta watu karibu na elimu, nikaomba Mungu asiniulize ushahidi.

Nikampigia mama simu nikamweleza habari ya komenti. Aliuliza waandike nini. Nikamwambia chochote kizuri, mradi wawe wengi na waonekane. Akasema nimwachie yeye hiyo kazi. Mama yangu akisema hivyo, mtu mwenye akili huanza kuogopa.

Siku ikafika. Chumbani tulikuwa wawili tu, mimi na Dkt. Bulle, maana wanafunzi wengine walikatazwa kuingia. Watazamaji mahali pao palikuwa mtandaoni. Simu ilisimamishwa kwenye stendi mbele yangu, na komenti zilionekana ukutani kwa projekta, herufi kubwa kama za tangazo la mnada. Mtahini wa pili, Bwana Kilonzo wa takwimu, Mkamba mwenzetu, alikuwa amekwama katika mji wa Salama baada ya gari lake kuharibika, kwa hiyo alijiunga kwa video akiwa kwenye hoteli ya kando ya barabara. Tulimwona vizuri kwenye laptopu. Tulimwona pia mtu akikata nyama nyuma yake. Sauti tu ndiyo haikuwepo. Bwana Kilonzo alifungua mdomo, akafunga, akagusagusa simu yake, na Dkt. Bulle akasema tuendelee, sauti itakuja.

Dkt. Bulle si mtu mbaya, niseme hilo mapema. Ni mtu wa Garissa, alihamia kwetu Ukambani mwanzoni mwa mwaka, anasema Kiswahili cha kunyooka na hapendi upuuzi. Alama zake ni za haki hata zikikuumiza. Ila Kikamba hakujua hata neno la kuombea maji.

Nilianza vizuri. Nikasema utangulizi, nikafungua slaidi ya kwanza, na hapo kwaya ya Ikutha ikaingia.

*Wacha Kasiva.*

*Wacha.*

*Kasiva wacha.*

Kasiva ni mimi, na kwa mtu ambaye hajakaa kwetu, mambo ni hivi. Mkubwa akikukuta, anakuambia "wakya", na wewe unaitikia "aa". Ni salamu. Kwenye vitabu vya Kikamba huandikwa kwa k na y, lakini hutamkwa wacha, na kwenye simu kina mama wa Ikutha huandika wanavyotamka. Mimi nimesalimiwa hivyo tangu nizaliwe, kwa hiyo sikuwahi hata siku moja kulisikia neno hilo kwa Kiswahili. Na usipomwitikia mkubwa umemdharau, habari itafika nyumbani kabla yako.

Basi nikaitikia. "Aa," nikasema, nikainamisha kichwa kidogo, nikaendelea na slaidi. Zikaja nyingine. "Aa." Nyingine tena. "Aa. Aa." Nilikuwa naongea kuhusu matumizi ya intaneti vyuoni huku nikiitikia kama mtu anayepita sokoni siku ya soko.

Dkt. Bulle aliacha kuandika. Akavua miwani, akaifuta, akairudisha, akasoma ukuta tena. Uso wake ulikuwa na huruma mwanzoni, halafu huruma ikaisha.

"Hawa ni akina nani?" akauliza.

"Ni watu wa nyumbani, daktari."

"Wa nyumbani kwenu?"

"Wote. Mama yangu ndiye aliyewakusanya."

"Mama yako mzazi?" Akatazama ukuta, akanitazama. "Na wewe unawajibu hivyo, bila aibu?"

"Nisipowajibu ndiyo itakuwa aibu, daktari."

Sasa nikikumbuka nataka kucheka, lakini pale nilidhani tunaelewana. Nilidhani amekasirika kwa sababu salamu zinavuruga kikao. Kumbe yeye aliona kijiji kizima kimeingia mtandaoni kumwambia binti aache, na binti anajibu aa, yaani hataki, neno kwa neno. Alisema kwamba katika miaka yake yote ya kufundisha hajaona umma ukikataa utafiti kwa kauli moja namna hiyo, wala mwanafunzi mkaidi namna hiyo. Nikafungua mdomo kueleza. Akaniambia nisibishane na umma. Nikasema sibishani, ila hiyo ni... Akainua mkono.

"Aa nyingine moja," akasema, "na zile thelathini ninaandika sufuri."

Kwenye laptopu Bwana Kilonzo alikuwa amesimama. Alikuwa anatikisa mikono yote miwili, na katika mkono mmoja kulikuwa na mfupa. Mdomo wake ulienda kasi lakini hatukusikia kitu. Dkt. Bulle akamwambia Bwana Kilonzo akae ale kwa utulivu.

Nikaendelea bila kuitikia. Wacha Kasiva, ukuta ulisema, nami nikameza mate. Wacha, wacha. Nikasoma jedwali la pili kama mtu anayesoma matangazo ya vifo. Nilijiambia kina mama watanielewa, nitawaomba msamaha Jumapili.

Halafu akaja yeye. Nilimjua kwa picha yake, ile aliyopigwa na kofia ya Women's Guild.

*Wacha Kasiva.*

Sikuitikia. Nikasoma sentensi moja.

*Kasiva wacha.*

Nikasoma nyingine. Sijui nilisoma nini.

*Kasiva, ni mama. Unanisikia? Wacha.*

Jamani, mimi si shujaa. Nilihesabu mwaka mmoja wa kurudia, vitenge, majoho, kila kitu. Lakini nilimwona mama amekaa kwenye benchi la kanisa, simu mkononi, kina mama wamemzunguka, wote wakingoja mtoto msomi amwitikie mwaitu, yaani mama yake. Nikaiangalia simu pale kwenye stendi, nikasema kwa sauti yote niliyokuwa nayo:

"Aa, mwaitu."

Dkt. Bulle akachukua kalamu. Sikulia, ingawa nilikuwa karibu. Nilikuwa naangalia ncha ya ile kalamu ikishuka kwenye karatasi, na ndipo ukutani ikatokea komenti mpya, ya duka moja la madera pale sokoni Tulia.

*Wacha Kasiva.* Aliyeandika ni Rahmo.

Kalamu ikasimama. Huyo Rahmo nilimjua, nimenunua dera kwake. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba alikuwa mke wa Dkt. Bulle.

Dkt. Bulle aliitoa simu yake akampigia mkewe palepale, akaiweka kwa sauti ya juu na kuongea Kiswahili, nadhani alitaka nisikie ushahidi mwenyewe. Laivu ilikuwa bado inaendelea.

"Mama Adow, hata wewe unamwambia huyu msichana aache?"

"Aache nini?" Sauti ya Rahmo ilikuwa ya mtu anayepimia mteja kitambaa. "Nimemsalimia mtoto wa watu. Huku wateja wangu wote husalimiana hivyo. Unaambiwa wacha, unasema aa. Baba Adow, umekaa Kitui muda huu wote, hakuna mtu amekusalimia?"

Dkt. Bulle akaweka kalamu chini. Alikaa. Halafu akaanza kuongea polepole, na sikujua kama anamwambia Rahmo, mimi, au umma.

Alisema kuna mama mzee wa kantini, Mama Kitheka. Kila asubuhi akinyoosha mkono kuchukua mandazi, Mama Kitheka humwambia, wacha, daktari. Na yeye kila asubuhi huyarudisha. Alidhani ni ya jana. Alidhani yamehesabiwa. Kuna siku alifika mapema kabisa ili apate, na bado akaambiwa wacha. Tena mzee wa getini humwambia wacha, naye husimamisha gari, huzima injini, hungoja apekuliwe, na mzee humwangalia tu. Wamekuwa wakiangaliana hivyo tangu mwanzo wa mwaka.

"Nilisema watu wa huku ni wakali," akamalizia.

Rahmo alicheka mpaka simu ikakatika. Mimi niliuma mdomo. Mtu anayekushikia alama humcheki.

Dkt. Bulle akaipitia orodha ya komenti kuanzia juu. Akasema vizuri, hizi ni salamu, lakini salamu si maoni. Hakuna hata mtu mmoja aliyesema lolote kuhusu utafiti. Kwa kanuni, thelathini bado hazina mwenyewe.

"Daktari," nikasema, "mtu akiingia mahali anaanza kwa kusalimu. Hawa wameingia darasani. Mama yangu hajawahi kufika chuoni hata getini, na leo ameingia na kwaya yake yote. Mimi sina ushahidi mwingine."

Alisimama. Kisha akageukia ile simu ya stendi, akaweka koti lake sawa, akasema kwa sauti ya mtu anayekula kiapo: "Aa." Akawaambia kina mama kwamba sasa wamesalimiana, waseme walichokuja kusema.

Wakasema. Mmoja aliuliza kama Kasiva anakula vizuri. Mwingine akasema hiyo habari ya mitandao na elimu ni kweli, hata mtoto wake haachi simu. Komenti tatu nne zilisema amina. Halafu mmoja akauliza mbona huyo mwalimu amekonda, na wengine wakaunga mkono, na kwa muda umma ulijadili tu afya ya Dkt. Bulle. Katikati ya hayo sauti ya Bwana Kilonzo ikapatikana ghafla, ikasema, "na pilipili kidogo," halafu ikapotea.

Dkt. Bulle aliandika. Akanigeuzia karatasi. Umma: ishirini na sita. Nne amekata, alisema, kwa sababu ya kutoka nje ya mada. Nikafaulu kwa wembamba ambao sipendi kuutaja.

Nilimpigia mama hapohapo, nje ya mlango. Nilijiandaa kwa vigelegele. Nikamwambia mama, nimefaulu, nitavaa joho. Akasema asante Yesu, lakini kwa haraka, kama kitu alichokuwa amekiweka kando. Alitaka kujua kwa nini nilichelewa kumwitikia. Alisema alinisalimia mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Kina mama wakaacha kuangalia simu, wakaanza kumwangalia yeye, na mmoja akasema pole.

Nikamwambia nilikuwa kwenye mtihani, mwaitu.

"Hata mimi," mama akasema.