Diski ya Pili

Dada yangu Mariyamu alitaka diski ya pili. Mimi nilitaka kadi ya michezo ya kompyuta. Pesa ilitosha kitu kimoja tu, na kwa kuwa ilikuwa mfukoni mwangu, mnaweza kukisia kilichonunuliwa.

Tulikuwa Bujumbura, katika duka la Bahizire, Mkongomani wa Bukavu aliyekuwa akiunga kompyuta kwa vipande: hiki kipya, kile kimetumika, kingine hakuna ajuaye kilikotoka. Asubuhi ile tulikuwa tumesubiri kwenye kizuizi cha barabarani Rumonge, mjini kwetu, mpaka wanajeshi waseme njia iko salama, tukapita Magara, ambako magari yalikuwa yakipigwa risasi, na ilibidi turudi kabla barabara haijafungwa tena. Mashine ya kututumikia miaka tuliichagua kwa saa moja, huku tukitazama saa.

Kazi yetu ilikuwa kupiga video za harusi. Mimi nilichukua upande wa wanaume: msikiti, pilau, wazee na hotuba zao zisizokwisha. Kisha Mariyamu alipokea kamera akaingia kwa wanawake, kwenye sherehe yao ambamo mlango hufungwa, mitandio huvuliwa, na watu hucheza vile ambavyo hutawaona wakicheza mahali pengine popote. Kila mara aliwaapia kina mama kwamba hakuna jicho la mwanamume litakaloona kanda ile, hata langu. Alipokaa kuikata na kuiunga kwenye kompyuta, mimi nilitoka nje. Kiapo hicho ndicho kilichotuletea wateja, maana wapiga video wengine wa mji wetu walikuwa wanaume tu.

"Sikia, kaka," Bahizire aliniambia. "Prosesa chukua hii ya katikati, ile ya juu ni ya kujionyesha tu. Mémoire ongeza. Boksi ya courant usichukue ya bei ya chini, umeme ya Rumonge itakuulia mashine yote. Pesa inabakia, weka kwa disque. Video inakula nafasi muno."

"Umesikia?" Mariyamu akanigeukia.

"Na michezo?" nikauliza.

"Michezo bila hiyo kadi, carte graphique, itatembea kama muzee," Bahizire akacheka. "Lakini weye iko na kazi gani? Ya michezo ao ya mariage, hizi harusi?"

Swali zuri. Nililijibu vibaya. Nilisema ya zote mbili. Vita vilikuwa vimepunguza harusi, na nilijua vijana wa Rumonge wangelipa kwa dakika ili wacheze mpira kwenye skrini.

"Nasiri, hii disque moja itajaa kwa harusi tatu," Mariyamu alisema.

"Tutafuta za zamani. Diski nyingine tutanunua mwezi ujao."

Akamgeukia Bahizire, akamuuliza bei ya diski. Hilo liliniudhi, nikampandishia sauti mbele ya mwenye duka: ashike kamera yake, biashara aniachie mimi. Nina aibu hata sasa ninapoandika haya. Bahizire aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta bisibisi.

Siwezi kusema uongo, kadi ile ilifanya kazi. Majani ya uwanja yalikuwa ya kijani kuliko majani yenyewe, na chumba chetu kilijaa vijana wakipiga kelele tangu adhuhuri. Nilimtania Mariyamu kila siku: unaona? "Naona," alikuwa akijibu. "Nafasi imebaki ngapi?"

Kanda za kamera zilikuwa ghali na za shida, kwa hiyo tulifanya kama wenzetu wote wa pwani ile ya ziwa: harusi ikishaingia kwenye mashine, kanda ileile inarekodi harusi inayofuata juu yake. Maana yake ni kwamba, tangu siku hiyo mpaka siku ya kumkabidhi mteja kaseti yake ya kutazamia kwenye deki, harusi nzima ilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya diski.

Ndipo Esha wa mtaani kwetu akaolewa. Mama yake, Mama Esha, alikuwa mjane muuza mawese, mkubwa wa mwili na wa sauti, na hakutaka kabisa kupigwa picha. Ukimwelekezea kamera alikuwa akikurushia kitambaa. Mimi nimekula jikoni kwake tangu utotoni na sikuwahi kufanikiwa. Siku ile nilikuwa nje, nikasikia vigelegele vinatikisa mabati, kisha Mariyamu akatoka anacheka, jasho linamtiririka.

"Mama Esha amecheza! Ameniita mwenyewe. Amesema, leo naoza mutoto wangu, leo unichukue."

Sehemu ya wanaume niliimaliza upesi nikaipeleka. Ya wanawake Mariyamu alikuwa katikati ya kuikata, amefika wapi mimi sikujua, shangazi yetu alipofariki huko Kabonga, dada akaenda matangani.

Siku ya tatu baada ya kuondoka kwake nililetewa mchezo mpya wa mpira kutoka Bujumbura. Vijana walikuwa mlangoni. Mashine ikakataa: nafasi hakuna. Kitu kikubwa kuliko vyote kilikuwa faili za Esha, sherehe ya wanawake. Nikaangalia kwenye rafu, nikaona kaseti ina jina la Esha kwa mwandiko wa dada yangu. Basi, nikajiambia, ameshaitoa kwenye kompyuta, imo humu.

Ningeiweka kwenye deki ningejua kwa dakika moja. Lakini kuitazama kulikuwa mwiko kwangu, na mwiko ule niliuheshimu. Ningeweza kumwita mwanamke yeyote anayepita njiani aitazame kwa niaba yangu, au ningesubiri siku nne dada arudi. Sikuita na sikusubiri. Nilifuta. Kuchungulia niliogopa, kufuta sikuogopa hata kidogo, na mpaka leo sijui ni akili ya namna gani hiyo.

Mariyamu aliporudi alikaa mbele ya mashine kwa muda, kisha akatoka nje nilikokuwa.

"Ile kaseti ilikuwa tupu," alisema. "Sikuzote mimi naandikaka jina kwanza. Ilikuwa haijatoka, Nasiri."

Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Nikajitetea mwenyewe bila kuulizwa: Mama Esha yupo, akizaliwa mjukuu atacheza tena, tutampiga video bure. Mariyamu alisema sawa. Alikuwa amechoka na safari.

Wiki mbili baadaye Mama Esha alipakia madumu yake ya mawese kwenye gari la kwenda Bujumbura. Gari lilipigwa risasi kabla ya kufika Magara. Alasiri majina ya waliouawa yalikuwa yameshafika sokoni kwetu, na lake lilikuwamo.

Baada ya arobaini Esha alikuja. Vijana walikuwa wanacheza, wakapunguza kelele walipomwona amevaa nguo za msiba.

"Dada Mariyamu, nimefuata ile kaseti," alisema. "Nataka nimuone mama. Sina picha yake hata moja. Ile ya karangamuntu, kitambulisho chake, alikuwa nayo kwa mufuko siku ile."

Mariyamu alinitazama. Aliniachia nafasi, na ilikuwa ndefu ya kutosha. Mtu angeweza kusema neno moja, kumi, mia. Mimi ninayemfokea kila mtu, wauza samaki, mafundi wa umeme, dada yangu mbele ya wageni, sikupata sauti. Nilikuwa natazama waya sakafuni.

"Courant ilikatika, mashine ikapoteza yote," Mariyamu alisema. "Ni mimi nilichelewa kuitoa. Unisamehe, mudogo wangu."

Esha aliketi. Hakulia. Alikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake.

"Alicheza namna gani?" aliuliza mwishowe. "Mimi nilikuwa kwa kiti na shela usoni, wamenikataza kuinua macho. Nilisikia tu wanamushangilia. Walioona wananiambia alicheza vizuri. Vizuri ni namna gani?"

Mariyamu akasimama. Aliwatoa vijana wote, mchezo katikati. Kisha akaniambia, "Nasiri, na wewe toka," akafunga mlango.

Nilisimama kibarazani. Nilisikia nyayo za dada yangu kwenye saruji, polepole kwanza, halafu kwa nguvu, na sauti yake akihema: "Hapa akashika kiuno. Hapa akawacheka wale wa upande wa bwana. Hapa, angalia, hapa akageuka kwako, akakuja mpaka kwa kiti." Esha alicheka, kicheko cha kweli. Kisha nikamsikia analia, na nyayo hazikusimama.

Esha alipotoka macho yalikuwa mekundu lakini uso umetulia. Alinijia moja kwa moja, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Murakoze, asante, kaka Nasiri," alisema. "Najua hata wewe ilikuuma, ile mashine kupoteza kazi yenu."

Mariyamu alikuwa mlangoni, anasikia.

"Karibu, Esha," nikasema.